Salamu Zilizogonga Kioo

Sitaki kusema uongo: lile gari nililipenda. Tajiri wangu nilimchukia, lakini gari lake nililipenda, na ndilo nililolitumia kumkomoa.

Nilikuwa dereva wake hapa Bariadi. Yeye ni mkulima mkubwa wa pamba, mashamba yake yako upande wa barabara ya Maswa, na mwaka ule alikuwa anautaka udiwani wa kata yetu. Kura za maoni ndani ya chama zilikuwa zinakaribia, na wapiga kura wenyewe ni walewale tuliokuwa tunapishana nao kila asubuhi kwenye barabara ya vumbi iendayo shambani kwake. Alikuwa na uhakika wa kushinda. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba mtu yule hafai kupewa hata uenyekiti wa kamati ya harusi, na sababu yangu ni mama yangu mzazi.

Msimu mmoja wa mavuno kabla ya hapo mama aliteleza kwenye mtaro akitoka kuchuma pamba, akavunjika nyonga. Shemeji yangu akanipigia simu analia. Nilikuwa barabarani namrudisha tajiri mjini, na njia panda ya kwetu ilikuwa inaonekana mbele yetu.

"Mzee," nikamwambia, "mama kavunjika. Naomba tumpitie tumfikishe hospitali pale Somanda. Ni hukohuko tunakokwenda."

Alikuwa anawahi harusi. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Kijana, mgonjwa akishalala humu harufu haitoki kwenye ngozi ya siti. Si kuna bodaboda?"

Basi mama akapandishwa bodaboda, katikati ya mwendesha pikipiki na shemeji yangu. Najua kwa sababu niliwaona. Tajiri alisimama kidogo kwa mtu anayemuuzia mbolea, na tulipoondoka tukawakuta mbele yetu, wanakwenda polepole kwenye makorongo, mguu wa mama umening'inia. "Piga honi wapishe," tajiri akasema. Nikapiga honi. Wakasogea pembeni, nikampita mama yangu mzazi huku siti za nyuma zina mtu mmoja na koti lake. Daktari alisema baadaye kwamba mfupa ulihama njiani. Leo mama anatembea na fimbo, ameinamia upande mmoja, na kila akiinuka kwenye kigoda anauma meno.

Watu waliniuliza kwa nini sikuacha kazi. Ningeacha vipi? Mtu anayemdai mwenzake deni la namna ile hakai mbali naye. Nikabaki, nikaosha gari, nikafungua mlango, nikasema "shikamoo mzee" kila siku.

Ndipo akaagiza gari jipya. Lilikuwa aina ileile, haibridi ya kifahari ya petroli na betri, ila toleo lililofanyiwa marekebisho. Kwa sura usingeona tofauti kubwa, taa tu na pua ya mbele. Tulikwenda kulichukua Dar es Salaam, na muuzaji akanizungusha akinieleza yaliyobadilishwa: vioo vya milango sasa ni vya tabaka mbili, chini ya boneti na ndani ya milango wameongeza sufi ya kuzuia sauti, mauntini, ile mipira inayoshikilia injini, ni mpya, shokapu zimepangwa upya zimeze mashimo. Mimi nikajisemea haya ni maneno ya biashara.

Kumbe sivyo. Lile la zamani ungesikia kila jiwe likigonga chini, matairi yakivuma, upepo ukipiga mluzi kwenye vioo vya pembeni. Hili tulipita rasta za kupunguza mwendo za kila kijiji mpaka Shinyanga, na tajiri hakuamka. Alipoamka akaniambia, "Hebu sikiliza."

"Sisikii kitu, mzee."

"Ndiyo hiyo sasa!" Akacheka kwa raha, akapiga siti kofi.

Tulipoingia barabara ya vumbi ndipo nilipoliheshimu kabisa. Ile barabara ina matuta madogomadogo kama ubao wa kufulia, na gari la zamani lilikuwa linatutingisha mpaka meno. Hili liliteleza tu. Kwenye mwendo mdogo injini inazima yenyewe, gari linakwenda kwa betri, na ndani unabaki unasikia pumzi yako.

Asubuhi ya kwanza, kwenye kona ya mnada wa ng'ombe, alikuwepo mama mmoja auzaye viazi vitamu. Gari lilimfikia kimya, akashtuka, akaweka ungo chini, akapiga goti. Niliona mdomo wake: "Mwangaluka!" Ndiyo salamu yetu Wasukuma ya asubuhi. Nikamtazama tajiri kwenye kioo cha ndani. Alikuwa amelaza kichwa kwenye siti, anasoma simu. Hakusikia kitu. Tukapita.

Mtu asiyekulia kwetu hataelewa uzito wa jambo hilo. Salamu huku si ya kutupiana. Unasalimiwa, unaitikia "mhola", unauliza nyumbani, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, na wewe unaulizwa hivyohivyo. Ukipita kimya, mtu anajua una ugomvi naye, au una jambo baya moyoni unamficha. Na tajiri, pamoja na ubaya wake wote, salamu alikuwa anaziweza. Gari la zamani lilikuwa linapiga kelele lakini lilikuwa linaingiza kelele pia; mtu akiita tu, yeye kioo chini, mkono nje, "Mhola, mayu, mama yangu! Pamba inasemaje?" Watu walimpendea hilo. Sikuona kingine cha kumpendea.

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu, "Mzee, unasalimiwa," angeshusha kioo. Sikusema. Nilimkumbuka mama pale pembeni ya barabara anakula vumbi letu, nikafunga mdomo.

Kesho yake nikafanya zaidi. Palipokuwa na watu wengi, kisimani, kwenye mashine ya kusaga, kwenye ghala la pamba, nilipunguza mwendo. Zamani nilikuwa napunguza apate kuitikia. Sasa nilipunguza wapate kumwona vizuri anavyowapuuza. Vioo havikuwa vyeusi, alikataa tinti mwenyewe ili aonekane. Akaonekana. Wazee walivua kofia, kinamama walipiga magoti, vijana waliinua mikono, na yeye ndani amejiegemeza kama amelazwa na dawa ya usingizi. Mimi niliwaitikia kwa kichwa, kidogo, ili lawama isije upande wangu. Nilikuwa naendesha kwa furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye usukani.

Maneno yakaenea. Eti ameota mapembe. Eti kapewa masharti na mganga, asiongee na watu mpaka achaguliwe. Kisimani wakamtungia jina, Bubu wa Kwenye Kioo, na watoto wakawa wanaliimba.

Yalipomfikia ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya kura. Alichanganyikiwa. Akaita watu nyumbani kwake, akachinja ng'ombe, akasimama mbele yao ameshika mikono kifuani. "Ndugu zangu, sijawadharau. Ni gari. Humo ndani hakusikiki kitu. Muulizeni dereva."

Nikaulizwa. Nikasema ni kweli, humo ndani hakusikiki. Ukweli ni ukweli. Wakataka kujaribu. Wazee watatu wakaingia siti ya nyuma, nikafunga milango, na uwanja mzima ukapaza sauti: "Mwangaluka!" Wazee kimya, wanapapasa ngozi ya siti. Wakapigiwa kelele tena. Mmoja akapiga miayo. Nilipofungua mlango akauliza, "Mbona hamuanzi?" Watu wakaangua kicheko, na nikaona mabega ya tajiri yakishuka. Alikuwa amepona. Nyama ikaanza kugawiwa. Nilihisi kama mtu amenipora mfukoni.

Ndipo yule mama wa viazi akanigeukia mimi. "Na wewe baba? Huyu alikuwa kwenye simu, sawa. Wewe unatazama mbele. Mimi nimepiga goti, umeniona, ukanitikisia kichwa. Kwa nini hukumwambia?"

Kicheko kikakatika. Tajiri akaniangalia, na pale ndipo alipoanza kuelewa. Nikasema yote. Nikasema bodaboda, nikasema harufu kwenye ngozi ya siti, nikasema honi niliyoamriwa kumpigia mama yangu. Nikasema, "Nilitaka na yeye apite mbele za watu bila kuwaona, wamwone."

Nilikuwa nimejiandaa akatae. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Yeye alikunja uso akifikiri, akifikiri kwa dhati kabisa, halafu akauliza, "Mama yako yupi? Lini hiyo?"

Hakudanganya. Hakuwa anakumbuka. Watu wote waliona kwamba hakumbuki, na hilo likamshusha bei palepale kuliko salamu zote zilizogonga kioo. Mama wa viazi akarudisha nyama yake kwenye sinia. Wiki iliyofuata tajiri aliambulia kura za ndugu zake, na si wote. Ufunguo nilikuwa nimeshamkabidhi siku ileile ya nyama.

Nikarudi kwetu kulima, nimeshiba kisasi, natembea kifua mbele.

Asubuhi moja nilikuwa uani napukuchua mahindi. Gari likaja bila sauti, ila safari hii vioo vyote vinne viko chini, na tajiri anaendesha mwenyewe, kichwa na nyusi vimejaa vumbi. Akasimama kwenye ua wetu. Hakushuka.

"Mwangaluka," akasema.

Nikamtazama usoni, nikaendelea kupukuchua. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi. Nikamwacha hapo. Nilitaka ajue inavyokuwa.

Mama akatoka jikoni. Alimjua ni nani. Kijiji kizima kilimjua. "Mhola, baba!" akaitikia. "Mwangaluka! Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je?" Akakinyanyua kigoda chake mwenyewe, fimbo mkono huu, kigoda mkono ule, akavuka ua mzima akichechemea, akauma meno, akamwekea mlangoni mwa gari. "Shuka ukae, baba. Utaongea na watu umekaa humo?"

Tajiri akashuka. Akamtazama mama alivyoinamia upande mmoja, kisha akakaa na kufunika uso kwa viganja. Mama akabaki amesimama karibu yake, ameegemea fimbo, anamsubiri amalize.

Sikuinuka kumsaidia mama. Nilimnunia mpaka jioni. Muda wote ule sikuwahi kumkasirikia tajiri kama nilivyomkasirikia mama yangu siku ile.