Imas Mkono Moto

Katika uchochoro wa Kemuning, mjini Bogor, mikono ya watu ilikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na mkono baridi, ambao ukichomeka ardhini hata kijiti cha mshikaki kinachipua. Na kulikuwa na mkono moto, ambao ukigusa mmea unanyauka, ukigusa hamira inaharibika. Mkono baridi alikuwa nao Bi Nining, mwenyekiti wa akina mama, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko Bi Nining mwenyewe. Mkono moto alikuwa nao Imas.

Imas hakuzaliwa nao. Alipewa na mama mkwe wake, Bi Onah, muda mfupi baada ya kuolewa, siku pilipili za kibarazani zilipokufa. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo mpaka vyura wakatafuta pa kujibanza, lakini mvua si mkwe, huwezi kuisema ikakaa inasikiliza.

"Ulizigusa?" Bi Onah aliuliza.

"Nilizimwagilia tu, Mama."

"Basi."

Hilo "basi" ndilo lililokuwa hukumu, na rufaa haikuwepo. Tangu hapo Imas hakuruhusiwa kugusa chochote chenye mizizi. Baya zaidi, hakuruhusiwa kugusa tape, ule wali mtamu wa kuchachushwa. Idi bila tape katika nyumba ile si Idi. Wanawake wa ukoo hukaa jikoni, wanapoza wali wa kunata, wanaunyunyizia hamira iliyosagwa na kuufunga kwenye majani, kisha wanausubiri uchachuke mpaka uwe mtamu. Anayechanganya hamira hasemi neno, maana maneno nayo hugeuza tape kuwa siki. Kwa hiyo kila mwaka Imas alikaa uani na masufuria yake, anasugua, anasikiliza watu wanane wakinyamaza bila yeye. Kunyamaziwa na watu kuna uchungu wake, ila kutokaribishwa hata kunyamaza pamoja nao ni jambo jingine. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka siku moja aambiwe, "Nawa mikono uje."

Mumewe, Opik, alikuwa mtu wa amani. Kila alipoelezwa jambo hili alisema, "Mama ndivyo alivyo," akavuta sahani karibu.

Kisha ukaja ule mwaka wa kufungiwa ndani na barakoa, na watu wote wakageuka wakulima wa glasi. Mmea uliotia watu wazimu uliitwa Mjane Matobo, kwa sababu ya majani yake yenye matundu, na aliyeupa jina hilo sijui alikuwa na ugomvi gani na wajane. Wanawake wa Kemuning, ambao mjane wa kweli akipita mlangoni huwaita waume zao waje ndani, sasa walilala wakiota kupata mjane wa kuweka sebuleni. Aliyekuwa nao ni Bi Nining peke yake. Ulipanda nguzo ya ukumbi wake hadi darini, umenenepa, unang'aa.

Lakini Bi Nining hakuwa mchoyo, hasha. Alimgawia kila mtu. Alikata mwenyewe, maana hakuna aliyeruhusiwa kushika kisu, akamkabidhi kila mama jani moja zuri lenye kikonyo kirefu. "Litieni kwenye glasi ya maji," alisema. "Likipata mkono mwema, litazaa." Matawi aliyopunguza aliyakatakata laini kama mchicha kabla ya kuyatupa, na watu wakasifu usafi wake.

Majani yale yalikaa madirishani uchochoro mzima. Hayakufa. Yalibaki ya kijani, mengine yakatoa hata mizizi, na kila mama alikesha akingoja chipukizi. Miezi ikapita na wala halikutokea hata moja. Jani la Bi Onah lilikaa dirisha la mbele penye heshima, la Imas likakaa dirisha la jikoni. Bi Nining alipopita aliyakagua kama daktari wa zamu.

"Limetoa mizizi?"

"Limetoa, Bi Nining."

"Basi subiri, mwanangu. Si unajua tena mkono wako."

Na Bi Onah, ambaye jani lake pia lilikuwa limesimama vile vile kama askari wa sanamu, alitikisa kichwa kumhurumia mkwewe. La kwake halikuzaa kwa sababu, alisema, lilikaa nyumba moja na mtu fulani.

Sasa, masharti yalipolegezwa, upatu wa akina mama ulikuwa ukizunguka nyumba kwa nyumba, na ulipofika kwa Bi Nining, Imas aliwekwa mahali pake pa kawaida, yaani kwenye vyombo. Alikuwa karibu na ukumbi, povu hadi kwenye viwiko, wakati paka wa Bi Nining alipoamua kumfuata mjusi hadi darini. Akapandia kwenye Mjane. Kukasikika mpasuko mdogo, na kipande cha shina chenye jani moja lililochanika kikaanguka mbele ya miguu ya Imas.

Ni nani angeamini habari za paka? Alijua kabisa kitakachosemwa, na nani angekisema, na kwa sauti gani. Akakidumbukiza kile kipande ndani ya sufuria alilokuja nalo, akafunika, akaenda nalo nyumbani. Huko akakichomeka kwenye ndoo iliyotoboka nyuma ya choo, si kwa kukipanda, bali kwa kukizika.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Imas alificha, na kikazaa. Kwanza akaona kitu kijani chenye ncha kikitokea penye kifundo cha lile shina, akadhani ni majani ya kawaida. Kisha kikajikunjua kikawa jani. Likaja la pili, na la tatu likiwa na matundu yake. Imas alikwenda chooni mara nyingi siku hizo hata Opik akamwuliza kama tumbo linamsumbua. Alichuchumaa mbele ya ndoo akajitazama viganja. Alifurahi, halafu akaogopa kufurahi, halafu akafurahi tena. Hakumwambia mtu.

Upatu ukafika kwa Bi Onah. Chai ilimiminwa, umbea ukaandaliwa, na Bi Kokom, jirani ambaye hajawahi kunywa chai bila kwenda msalani, akaenda msalani. Alirudi haraka kuliko alivyokwenda.

"Jamani, huko nyuma kuna Mjane amekaa kama yuko kwao."

Wote wakatoka. Mmea ulikuwa umeshashika ukuta, umepita dirisha la choo. Bi Nining aliutazama, akameza mate, kisha uso wake ukapata nuru.

"Ni lile jani nililompa Imas," alisema. "Mnaona? Mkono wangu ukishabariki kitu, hata akikishika mkono moto, kitazaa tu."

Na mwenzangu, walimwamini. Walianza kumpongeza. Imas alisimama pale na sinia la keki, akaona furaha yake yote inatoka kwenye ndoo yake inahamia kwa mtu mwingine.

Bi Onah aliingia ndani, akatoka na glasi ya dirisha la jikoni, na jani ndani yake.

"Jani la Imas hili hapa," alisema. Si kwamba alikuwa anamtetea mkwewe. Bi Onah hakuweza tu kuvumilia hesabu isiyokwenda sawa. "Lile pale limetoka wapi?"

Macho yote yakamgeukia Imas. Kusema ilikuwa kujiita mwizi, na kunyamaza ilikuwa kubaki mkono moto hadi kaburini. Akaweka sinia chini.

"Ni paka wa Bi Nining, Mama. Alivunja tawi siku ya upatu wa kwake. Niliogopa kuambiwa ni mimi, nikalificha humu."

"Kumbe mwenye mkono baridi ni paka," alisema Bi Kokom, na mtu mmoja akacheka kwa pua.

Bi Onah akaleta kisu, akampa Bi Nining mpini. "Nikatie na mimi, dada. Kwa huo mkono wako."

Bi Nining akashika jani kubwa, na kisu, kwa mazoea, kikaenda juu kwenye kikonyo.

"Shuka kidogo," alisema Imas. "Chini zaidi, penye kifundo. Paka alivunja hapo."

Hakuna mwanamke pale ambaye hakupanda muhogo utotoni, na hakuna aliyewahi kuchomeka jani la muhogo akangoja mavuno. Kila mtu hupanda kijiti chenye macho. Ila huu haukuwa muhogo, ulikuwa mmea wa watu wa maana, na kwenye vitu vya watu wa maana akili huachwa mlangoni pamoja na viatu.

"Miezi yote hiyo nabadilisha maji," alisema Bi Kokom polepole. "Nalisalimia asubuhi."

"Sikutaka uchochoro mzima ufanane," alisema Bi Nining. Aliweka kisu juu ya ndoo, akakumbuka kuwa ameacha kitu jikoni, akaenda zake. Jioni ile glasi zilirudi kabatini, nyumba baada ya nyumba.

Bi Onah hakuomba radhi. Angeanzia wapi, mtu ambaye hajawahi kukosea? Alikata mwenyewe penye kifundo, akapanda kipande chake penye pilipili za zamani, wala hakumtazama Imas.

Ikafika siku ya tape. Imas alikuwa ameshabeba masufuria kwenda uani alipoitwa kutoka jikoni.

"Wewe Imas. Nawa mikono uje."

Akanawa mpaka ngozi ikauma. Wakamsogezea nafasi, Bi Onah akamwekea hamira kiganjani, naye akaunyunyizia wali wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyesema neno, maana ndiyo desturi, na desturi ile siku hiyo iliwafaa mkwe na mama mkwe wote wawili. Machozi yalimtoka Imas, akageuza uso pembeni yasije yakaingia kwenye wali.

Asubuhi ya Idi wakafungua majani. Tape ilikuwa kali, chachu ya kufunga jicho moja. Opik alitema. Mashangazi wakatazamana, kisha wakamtazama Bi Onah, wakingoja.

Bi Onah alitafuna taratibu, akameza, akachukua donge la pili.

"Hamira ya mwaka huu ni mbovu," alisema.