Ndege Hafukuzwi Kiotani

Mwezi jana nilirudi Muhuru Bay, na sauti iliyonipokea haikuwa ya ziwa. Ilikuwa ya mtoto wa kaka yangu, ameinamia simu, akimzomea mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza naye: "Wewe, usinivizie kwa kiota! Toka hapo, mwoga!" Nikasimama mlangoni na mkoba wangu. Neno hilo la kiota, rafiki yangu, tulilitunga sisi.

Siku hizo likizo nzima ilinuka omena, dagaa wa ziwani. Nyanya aliwaanika juu ya nyavu, nasi, mimi na kaka, mtoto wa baba mkubwa, tukapewa fimbo tuwafukuze yangeyange, wale ndege weupe. Kaka aliwahi kupanda mti abomoe kiota chao ili wasirudi tena. Nyanya alimshusha kwa kofi. "Ndege mfukuze kwa omena," alisema. "Kwake mwache." Tulikula sinia moja na kulala mkeka mmoja. Tulimsikia sote wawili.

Mchana tulikimbilia kibanda cha gemu, mabati yakichoma kama kikaango, televisheni mbili zimepeana migongo. Tulipenda gemu ya kunyatia: unapita gizani, unajificha kabatini, unamjia mwenzako kwa nyuma. Ukichomwa kisu, unafufuka katika chumba kidogo chenye mlango mmoja. Chumba hicho tukakiita kiota, na sheria ikawa ya nyanya: hakuna kumngoja mtu pale. Kaka ndiye aliyewafundisha wengine.

Kisha mwenye kibanda akatangaza kwamba mshindi ataenda naye Homa Bay mjini, kwenye mashindano. Mimi sikuwa nimewahi kuvuka Migori. Niliota safari hiyo hata nikiwa macho.

Tulibaki wawili, mimi na kaka, nami nilikuwa naongoza. Akanichoma. Nikafufuka, na kabla sijaona hata mikono yangu, kisu. Nikafufuka tena, kisu. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, hanyatii, hajifichi, ananivuna tu.

"Kaka, kiota!" nililia.

"Kwani gemu imekataa?" alijibu kutoka nyuma ya televisheni yake.

"Toka basi, kifaranga!" mmoja akanitania, na kibanda kizima kikacheka. Nikamtazama mwenye kibanda. Akakuna kidevu. "Omera, ndugu yangu, mashine ikiruhusu, mimi ni nani?"

Ni kweli, mashine haikukataza. Lakini hata kuvizia kuna haki yake: unayemvizia naye awe na giza lake la kujificha. Mle ndani sikuwa na giza. Nilikuwa na mlango tu, na nyuma yake mtu aliyejua, kuliko wote, kwamba sitauogopa.

Kaka ndiye aliyeenda Homa Bay. Aliporudi alitandika mkeka wetu, akalala upande wake kama kawaida. Mimi nikahamia chumbani kwa nyanya, naye akanipisha mkekani.

Sasa nyanya hayupo. Pale kwenye kibanda wanauza barafu ya samaki, na mti wa yangeyange ulishakuwa makaa. Siku hiyo ya mwezi jana, nikiwa bado mlangoni, kaka alipotoka chumbani alimsikia mwanawe akilalamika, akamwambia mtoto wa jirani: "Mwache atoke kwanza, omera. Kwake mwache." Aliyatamka maneno hayo kama nyanya, kofi tu halikuwepo.

Ndipo akaniona. Akanivutia kiti, kimeupa mlango mgongo.

"Karibu nyumbani," alisema.

Nilikigeuza kiti kwanza, kikautazama mlango, ndipo nikakaa.