Kifudifudi Mbele ya Korongo

Walisema sitaweza, mwanangu. Pale Singida mpiga picha mwenzangu aliapa kwamba Ulaya nitaishia kufagia, na nitarudi na koti zito lisilovalika huku kwetu. Kufagia nilifagia kweli. Lakini stashahada ya upigaji picha ninayo, iko ukutani nyuma yangu ninapoandika, na jina langu lasomeka toka mlangoni. Najivuna, sikufichi. Aliyepanda mlima kwa miguu yake ana haki ya kutaja kilele.

Nakumbuka siku moja, mwaka wangu wa mwisho wa masomo Stockholm. Mwalimu alitutuma tukapige picha ya korongo moja lenye kina kirefu, lililoko msituni, mwendo wa treni na basi kutoka jijini. Picha moja tu, na bila hiyo hakuna stashahada. Nikaazima buti za Otieno, Mkenya wa mtaa wa Spånga, nikaazima na lenzi pana ya Papa Kalonji, Mkongomani niliyesali naye. Nikaenda na uhakika kama wa bwana harusi.

Ujuzi wangu wa studio ndio ulioniponza. Unajua desturi yetu: mteja anataka aonekane mzima, kuanzia kofia hadi viatu. Ukimkata viatu, picha haichukui. Basi nami nikalitendea korongo kama mteja. Nilisimama juu ukingoni, saa sita mchana, nikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi likaingia lote, ukingo wa huku na wa kule. Nikarejea mjini nikipiga mluzi.

Mwalimu aliitazama picha, akaniambia kwa upole kwamba haoni kina. Akanipa hadi Ijumaa. Otieno hakuwa na upole huo. Alisema hapo likiletwa tingatinga moja, patafukiwa kabla ya chai ya saa nne.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kazini mtaa wa Kista, tukisafisha ofisi na Mama Neema, mtu mzima wa Tanga aliyekaa kitongoji cha Tumba hadi wanawe wakawa wanamjibu kwa Kiswidi. Nikamwonyesha picha. Alifuta mikono, akaisogeza karibu na macho.

"Mtaro wa nani huu?"

Nikamweleza kwamba ni korongo, na kuta zake zapita ghorofa. Hakubishana. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza kubwa ya mikutano kama tulivyofanya kila siku kubandua bazoka zilizotafunwa na kugandishwa huko, akaniita nami niingie.

"Wanaokaa kwenye viti hivi wanaona ubao na glasi za maji," alisema. "Sisi tunaiona miguu yake, na giza lake, na uchafu wao. Na meza ni hii hii. Wewe, baba, huko korongoni ulikaa kwenye kiti."

Kutoka pale sakafuni meza ilikuwa paa la jumba, na miguu yake nguzo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeisikia tangu utotoni, nikadhani inahusu mvungu wa kitanda tu.

Alhamisi nilirudi, na Mama Neema akanisindikiza, amejitanda khanga nyekundu juu ya koti. Safari hii tulishuka hadi chini penye kijito. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Mwanangu, niliingia mle kama mtu anayeingia katika ndoto ya mwingine. Maji yalinong'ona bila kuonekana yatokako. Mwanga uliingia kwa ubavu, ukagusa ukuta mmoja na kumwacha mwenzake usingizini. Nikalala kifudifudi juu ya jiwe bichi, kamera ikikaribia kulamba maji. Kokoto lililokuwa mbele yangu likawa kisiwa, kijito kikawa barabara, na kuta zikapanda, zikapanda, zikaacha utepe tu wa mbingu. Nikamwomba mama atembee mbali hadi awe mdogo kama kidole.

"Bado?" sauti yake ilinijia kama ya mtu aliye kisimani.

"Bado kidogo, mama."

"Miguu inaganda, baba. Piga, nikanywe chai."

Khanga yake ikawa nukta, na kwa nukta ile korongo likapata ukubwa wake. Juu nilikata, pembeni nilikata. Nilikata viatu, mwanangu, na korongo likasimama.

Ijumaa mwalimu aliisogeza picha dirishani, akauliza kuta zile zina urefu gani. Nikajua nimepita.

Basi shika hili. Mahali unapofikia kwanza ni pa kila mgeni, usiishie hapo. Shuka, inama, subiri mwanga uje kwa ubavu. Weka kitu karibu, na mbali weka kitu ambacho watu wanajua ukubwa wake. Usitamani kuonyesha vyote. Na binadamu ni vivyo hivyo: ukimtazama kutoka juu, utamwona mtaro.

Nilipokabidhiwa stashahada nilizunguka kurudisha vya watu. Lenzi kwa Papa Kalonji, buti kwa Otieno, zimekauka na kung'arishwa, na kila mmoja na picha yake. Otieno aliitazama yake, akauliza tingatinga litashukia wapi. Mama Neema alikuwa ameniazima magoti tu, na deni lake ndilo lililokuwa kubwa. Kwake nilipeleka picha kubwa kuliko zote. Aliitafuta nukta nyekundu, akaiwekea kidole, akamwita mwanawe aje aone. Kisha akanishika kichwa na kuniombea, na dua ile ile nakupa wewe: Mungu akupandishe, mwanangu, na kila akikupandisha, akuachie magoti yako.