Ngome Niliyomjengea Bibi

Mwanangu, kuna siku moja ya baridi ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na babu yako asisikie. Ilikuwa enzi za Korona, hapa hapa Sydney, nami nilikuwa msichana mwenye nguvu zangu na ujuaji wangu. Wewe hunicheka ukiona nimeacha dirisha wazi kidogo hata katikati ya baridi, unasema uzee umenipanda kichwani. Kaa hapo basi. Weka simu chini. Nikuambie kwanza, halafu ucheke.

Tulikuwa watatu nyumbani, mtaa wa Macquarie Fields. Mimi, mdogo wangu Joselyne, aliyekuwa bado mwanafunzi, na Bibi, mama yake baba, aliyetulea katika kambi ya wakimbizi Tanzania baada ya wazazi kututoka, akaja nasi huku hana neno moja la Kiingereza. Kwetu sisi Bibi ndiye aliyekuwa ukoo mzima. Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee katika makao yao upande wa Bankstown, na maradhi yale yaliwapenda wazee kuliko watu wote. Kila nikirudi nyumbani niliitazama mikono yangu kama mikono ya mwizi. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba mimi mwenyewe ndiye nitakayemletea Bibi kifo, nimekibeba vidoleni pamoja na mboga za jioni.

Kule kazini alikuwepo mzee wa Kijapani, Mzee Tadao. Wazee wote walikuwa wamefungiwa vyumbani mwao, wageni marufuku. Nikimpelekea chai nilisimama kidogo kwenye ubao wake wa shogi, ile sataranji ya kwao. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, yeye chake na mimi changu, tukaelewana. Alinifundisha, nami nikashika haraka, maana sikuwa mjinga. Lakini mchezo ule una jambo moja lililonisisimua mwili tangu mwanzo. Kipande ukikiteka hakifi. Unakiweka pembeni, na wakati wowote ukitaka unakirudisha ubaoni, popote palipo wazi, sasa kikipigana upande wako.

"Kwetu wafu hurudi," aliniambia akicheka kwa pua, "na hurudi nyuma ya ukuta wako."

Ulinzi nilioupenda mimi unaitwa anaguma, yaani dubu aliyejichimbia shimoni. Tangu mwanzo wa mchezo, kabla hujagombana na mtu, unamtembeza mfalme polepole hadi kwenye pembe ya mwisho kabisa ya ubao. Kipande kiitwacho mkuki kinasogea mbele kumpisha, mfalme anaingia, kisha kipande cha fedha kinafunga mlango na vile vya dhahabu vinakaa karibu kukilinda. Ni ngome ngumu kweli. Adui anaweza kupiga kelele nje mpaka achoke. Mara ya kwanza nilipoijenga, Mzee Tadao aliitazama sana.

"Nzuri," alisema. "Sasa nionyeshe mfalme anatokea wapi."

Nikamwambia atoke aende wapi, na huko nje kuna vita? Akanyamaza. Wazee wakikunyamazia, mwanangu, usidhani umeshinda.

Basi nikaenda kuijenga nyumbani. Bibi nikamhamishia chumba cha ndani kabisa, kile cha mwisho wa ukumbi. Dirisha nikaliziba kwa utepe wa gundi, nikapita na vidole pembeni mwote kuhakikisha hapapiti hata pumzi. Godoro la Joselyne likawekwa ukumbini, mbele ya mlango wa Bibi, na hapo ndipo alipolala na kusomea. Mimi nikajipa chumba cha mbele, karibu na mlango wa kutokea. Chakula cha Bibi kiliachwa chini kwenye sahani, mlango ukagongwa, tukarudi nyuma. Nilikuwa nikimwamkia kwa mbali, barakoa usoni, glavu mikononi. Kinga ni bora kuliko tiba, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nilikuwa mwanafunzi hodari.

Hita ya nyumba ilikuwa imeharibika na fundi hakuweza kuja, watu wote wamefungiwa. Nikalitoa uani lile jiko la mkaa tulilochomea nyama siku za sikukuu, nikaliweka chumbani kwa Bibi. Jiko lilifanya kazi mbili. Ndugu zetu walikuwa wakipiga simu kutoka nchi ya kwetu kila siku, jifukizeni, jifukizeni, na mikaratusi ilikuwa imejipanga barabara nzima. Joselyne alichuma majani, tukateleka sufuria juu ya mkaa, mvuke ukajaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba nyufa zote na ukuta nikajenga.

Muda si mrefu Bibi akaanza kupata wageni.

Mwanzo nilimsikia akicheka. Nje kulikuwa kimya, kile kimya cha siku zile, barabara tupu mchana kweupe, viti vya watoto vya bembea vikicheza na upepo peke yake, na mara kwa mara helikopta ya polisi ikipita juu ya mapaa ikiwataka watu warudi ndani. Katika kimya hicho Bibi alikuwa akicheka na mtu. Nikagonga. Akasema kwa ile lafudhi yake:

"Mutoto wangu, leta vikombe ingine. Watu wako wengi humu."

"Watu gani, Bibi?"

"Wamekaa tu pale ukutani. Hawasalimie. Labda ni kiu."

Nilidhani ni upweke. Nikampelekea vikombe, kumridhisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea, nikacheka peke yangu, na kicheko kikaniganda mdomoni. Maana kichwa kilikuwa kikinigonga, na juu ya dari nilisikia nyayo, polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Nyumba yetu haikuwa na ghorofa.

Kesho yake Joselyne alinifuata jikoni. Yeye alisikia Kiswahili chote lakini alijibu Kiingereza, kama nyinyi nyote mliozaliwa na simu mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Sista, there's a lady in the hallway," aliniambia.

"Mwanamke gani? Mlango umefungwa."

"Green kitenge. Only one shoe."

Nikamkemea, nikamwambia aache kutazama video za mashetani. Jioni hiyo nilipomwekea Bibi chakula, aliniambia kupitia mlangoni, kwa sauti ya furaha, kwamba Mariya amefika, bado ana kiatu kimoja. Mariya alikuwa mdogo wake, aliyebaki njiani wakati wakikimbia vita kwenda Tanzania. Bibi hakuwahi kutusimulia habari za njia ile. Jina tulilijua kwa kuwa aliliombea. Habari ya kiatu hatukuijua.

Tukamwita mchungaji kwenye simu, akatuombea, na mwisho akasema tusimwachie adui mlango. Maneno mazuri, lakini mimi niliyasikia kwa masikio ya woga. Nikachukua blanketi nikaliviringisha, nikamwambia Joselyne alisokomeze chini ya mlango, kwa sababu hao waliokuja lazima walikuwa wanapita mahali. Tukaongeza mkaa, maana wakiwepo wao chumba kilionekana kuwa baridi. Na kadiri tulivyofunga ndivyo walivyozidi. Bibi sasa alikuwa akiwataja kwa majina: mume wake, mama mkwe wake, jirani wa kambini, watoto wa watu. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na sisi tulikuwa tukishonea nguo hiyo vifungo.

Siku yenyewe ninayoikumbuka niliamka nikiwa natapika, nikaenda kazini hivyo hivyo, nikiwa nimepimwa na kuonekana sina Korona. Nilipofika kwa Mzee Tadao na chai yake kichwa kilikuwa kimeanza kuniachia. Tulikuwa na mchezo uliobaki katikati. Dubu wangu yuko shimoni, ametulia, mimi najiona malkia. Mzee akachukua farasi wangu, yule aliyemteka zamani, akamweka mbele ya ngome yangu. Farasi peke yake katika mchezo ule ndiye anayeruka vichwa vya wengine. Nikatafuta pa kumpeleka mfalme. Hapakuwepo. Kile kipande cha fedha ambacho kingeweza kumla farasi kilikuwa kimebanwa; kikiondoka, mfalme anapigwa kwa upande mwingine.

"Nani amemuua?" aliniuliza.

"Farasi."

"Hapana. Tazama vizuri. Mkuki wako uko kichwani pake. Farasi wako mwingine yuko ubavuni. Fedha yako iko mlangoni. Angekuwa na mahali pamoja tu pa kukanyaga, angeishi. Huyu wangu amekuja kutoa habari tu."

Nikajishika paji la uso.

"Kichwa?" aliuliza.

"Kila siku. Lakini nikikaa hapa kidogo kinaacha."

Hakurudi kwenye ubao. Alinitazama kama ninavyokutazama wewe unaponiambia umekula na hujala. "Na bibi yako, yule uliyemficha?"

Nikamwambia yote. Nilitaka acheke, anitoe hofu. Hakucheka. Aliniuliza tunapasha nyumba joto kwa kitu gani, nikamwambia mkaa. Akaniuliza habari za dirisha. Nikamwambia nimeliziba.

Mkono wake ulipita juu ya ubao, vipande vikamwagika chini.

"Mama yangu pia alipata wageni," alisema. "Kijijini kwetu, theluji imefika dirishani, mkaa unawaka ndani. Tulimkuta amekaa nao, anatabasamu. Unangoja nini kwangu? Una akili ya kumfungia mzee wa watu, huna akili ya kukimbia? Nenda!"

Hakuna mtu aliyewahi kunifokea vile, si kabla wala baada. Nikakimbia. Nilimpigia Joselyne, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikaita gari la wagonjwa, nikaingia kwenye gari langu, na njia nzima barabara tupu ile ilikuwa mbele yangu bila roho moja. Nilikuwa nikilia kwa sauti, nikimwambia Mungu achukue chochote lakini asinichukulie hao wawili.

Nilipofungua mlango wa nyumba nilisikia sauti ya mwanamke ndani. Kisha nikaielewa. Alikuwa mwalimu, kwenye kompyuta ya Joselyne iliyoachwa wazi sakafuni, anaita, "Joselyne? Are you there? Joselyne?" Na Joselyne amelala kando yake kwenye godoro, mdomo wazi. Nilimburuta kwa makwapa hadi kwenye majani ya nje. Akakoroma, akatapika, na matapishi yale yalikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kuona.

Nikarudi kwa Bibi. Nilisukuma mlango dhidi ya blanketi langu mwenyewe. Alikuwa ameketi kitandani amevaa kitenge chake cha kanisani, uso umeng'aa. Vikombe vilikuwa vimepangwa sakafuni kufuata ukuta, kila kimoja kimejaa chai.

"Funga, mutoto wangu," alisema taratibu. "Baridi itawakamata."

Mwanangu, sikumwona mtu. Lakini nikajikuta nazunguka kwa uangalifu, nisimkanyage mtu mguu. Nikachukua kigoda nikalivunja dirisha. Hewa iliingia kwa nguvu, mvuke ukatoka, na nakuapia vikombe viligongana, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho. Nikambeba Bibi mgongoni, kama alivyonibeba mimi kambini. Wale wa gari la wagonjwa walipofika, wamevaa meupe toka kichwani hadi miguuni na nyuso zimefunikwa, Bibi alifumbua jicho moja akauliza, "Na hawa nao, ni wa nani?"

Hospitali walituwekea oksijeni wote watatu. Daktari alinieleza kwamba mkaa hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na sumu hiyo humwonyesha mtu vitu. Nikamuuliza, mbona mdogo wangu alimwona mwanamke wa kiatu kimoja kabla ya Bibi kumtaja? Akaniambia nipumzike. Nami mpaka leo napumzika.

Tulipona, ashukuriwe Mungu. Kazini niligombana na wakubwa mpaka wakaniruhusu kumtoa Mzee Tadao uani kwenye kiti chake, barakoa usoni, akaota jua. Lakini nilichotaka kukupa si hicho. Siku Bibi aliporudi nyumbani niliketi kitandani kwake bila glavu, nikamshika mkono, nikamwomba msamaha kwa kumtia katika sumu. Akaushangaa ule mkono wangu. Akaugeuza, akaupapasa.

"Sumu si kitu," alisema. "Mimi nilijua nimekufa. Hakuna mtu ananigusa, chakula kinawekwa mlangoni kama cha mizimu, nyuso zenu zimefunikwa. Na wale wangu wote wamekuja. Nikasema, basi, nimekufa, hawa watoto wanaona haya kuniambia. Nilikuwa nangojea tu munizike."

Nililia, mwanangu, na bado nalia.

Basi sikia nasaha yangu. Kumlinda mtu ni jambo jema, na siku yako ya kumlinda mtu itafika. Utakuwa na mtoto, au utakuwa na mimi. Usimjengee mlinzi kila upande hadi akose pa kukanyaga. Kabla hujafunga mlango, muulize aliye ndani anapenda ukae wapi. Ukimwogopea mtu, woga wako usikuzuie kumshika mkono, na ikibidi ukae mbali naye, basi aisikie sauti yako mpaka aichoke. Na ukiona unazidi kufunga na hofu nayo inazidi, simama, mwendee mtu mzima mwambie yote, hata yale ya aibu, umkubali akikufokea.

Nenda sasa. Mungu akukinge na kila baya linalotoka nje na linalotoka ndani. Akupe watu wa kukuogopea, na hao wanaokuogopea wasiache kukugusa ungali hai. Amina.