Siku Mtani Wangu Alipokataa Kucheka

Upumbavu wangu ulikuwa kufanya utani mbele ya mgambo. Tena mimi, mtu ambaye nikifika stendi ya Singida tu, nimeshaanza kukikumbuka kitanda changu cha Iguguno.

Sehemu moja tu iliweza kunitoa nyumbani: Rungwa, msimu wa kurina asali. Huko alikuwepo mtani wangu. Kabila lake na langu yanataniana tangu enzi za mababu. Alinitundikia hata mzinga wangu mwenyewe porini. Nikifika ananiita mwizi, namwambia nimekuja kukagua mali zangu, yeye akiwemo, na mkewe na watoto wanacheka mpaka ugali unaungua. Mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria.

Mwaka ule wa uchaguzi nikaenda kama kawaida. Mara mtandao ukakatika, tukasikia huko mijini watu wanapigwa risasi. Asubuhi wakaja mgambo wawili wenye virungu, wanakagua wageni nyumba kwa nyumba.

"Huyu nani?"

Mdomo wangu ukawahi. "Muulizeni mtumwa wangu huyo. Mimi nimetumwa kuipindua Rungwa, naanzia kwenye mizinga."

Nikamgeukia mtani anirushie lake. Angesema tu, "Huyu mwizi wangu wa kila mwaka," yangeisha. Akaangalia miguu yake.

"Mgeni tu, aliomba pa kulala," akasema. "Simfahamu vizuri."

Nikasubiri acheke. Mkewe akainamia sufuria.

Mgambo walinisindikiza barabarani kama mbuzi aliyekula mahindi ya watu, wakasimama nami mpaka likatokea lori la kwenda Itigi. Mtani hakutoka hata mlangoni. Mkewe ndiye aliyekuja mbio, akanisukumia kidumu cha asali, akarudi. Njia nzima nilikuwa nimekikumbatia, najiuliza ule mzinga sasa ni wa nani. Miaka yote ile nimekula kwake, halafu hanifahamu vizuri!

Nyumbani, jirani yangu, mama mmoja mfuga kuku, alikuja kunipa pole. Nikamsimulia yote, lile neno la "simfahamu" nikalirudia ili anionee huruma. Akachovya kidole kwenye asali, akalamba, akaniangalia.

"Wewe nawe! Umepeleka mdomo kwa wenye virungu, unamnunia mwenye watoto? Ungekuwa wewe, ungemkana kabla hujaulizwa."