Mwisho Nilioubadilisha

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sikukaa mahali pamoja zaidi ya msimu mmoja. Nilipalilia mpunga karibu na Kutus, nikachimba misingi ya nyumba Ruring'u, na miaka michache baada ya uhuru nikapata kibarua katika kiwanda cha kahawa upande wa Othaya. Tulisimama kwenye meza ndefu za kuanikia, tukichambua punje mbovu. Mikono ilikuwa na kazi. Masikio hayakuwa na chochote. Basi nikawa ninawasomea wenzangu, nao wananichambulia sehemu yangu.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, nami nilikitafsiri kwa Kikuyu sentensi baada ya sentensi. Nilipewa na Mhindi mmoja mwenye duka Nyeri, aliyekwisha kuchana kurasa za mwanzo kufungia chumvi. Kilihusu mjane ambaye wanawe walimaliza shamba la baba yao kwa kesi na pombe, kisha wakawa wanasukumiana mama.

Meza iligawanyika.

"Huyo mwandishi ana roho mbaya," alisema karani wa mizani. "Ati nyumba nzima hakuna mtoto hata mmoja mwenye huruma?"

"Karani, wewe hujazaa," alijibu mama mmoja, mkubwa kuliko sisi sote. "Watoto wako ni mawe ya mizani. Soma, kijana."

Naye alikuwa mjane. Kitinda mimba wake alikuwa amemfukuza, akawa analala jikoni kwa jirani. Ikafika Ijumaa, ikawa imebaki sura moja: mjane wa kitabuni amesimama kwenye lango la mwanawe wa mwisho.

"Huyo akimfungulia mama yake," alisema, "mimi pia nitaenda kwa wangu."

Nilikuwa nimekwisha kuisoma sura hiyo peke yangu. Lango halifunguliwi. Lakini nilimtazama, nikasoma kwamba mama alingoja, akangoja, hata mwana akatoka, akamwingiza ndani na kumpa uji.

"Sasa hicho ni kitabu," karani akasema.

Yule mama alirudi kazini Jumanne, koti limelowa, anakohoa. Alikuwa ameketi nje ya lango la mwanawe siku mbili, katika baridi ya Julai, akingoja kama nilivyosoma.

"Nisomee kilichoandikwa," akaniambia.

Nikasoma. Hakuna aliyechambua punje hata moja. Nilipomaliza alitikisa kichwa taratibu.

"Huyu aliyeandika anatujua," alisema. "Ningemsikia yeye Ijumaa, nisingengoja."

Kikohozi hakikumwacha. Tulimzika kabla ya msimu kwisha. Mwanawe alikuja amevaa suti, akatupa udongo wa kwanza.

Tukitoka makaburini, karani alinishika mkono, akaniambia kwamba yeye bado anaupenda mwisho wangu kuliko ule wa kitabu.