Kurasa Mbili za Katikati

Naikumbuka vizuri Jumamosi moja, mwanangu, niliposimamishwa kwa swali la maneno mawili. Nakusimulia kwa kuwa nimesikia wewe na wenzako wa mtandaoni mnapanga kuchapa kitabu cha michoro yenu. Nimefurahi sana. Nasi tulichapa chetu, enzi hizo mitandao ikiwa bado migeni kwetu, na nusura nikiharibu.

Tulikuwa wachoraji ishirini na kitu katika kundi moja la mtandaoni. Wengi hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Tulijuana kwa picha tu. Tukakubaliana kutoa kitabu, kila mtu ukurasa mmoja. Mimi nilikaa Mkuza na nilikuwa na kompyuta, basi nikapewa kazi ya kukusanya michoro na kupanga kurasa. Lakini mwamba ngozi huvutia kwake. Kurasa mbili za katikati, zile zinazotazamana kitabu kikifunguliwa, nilizijaza mchoro wangu wa wauza matunda wa Misugusugu. Hakuna aliyenituma, wala sikumwambia mtu.

Mwenzetu mmoja aliitwa Loishiye, mfugaji wa Marui kule Kisarawe, ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Alichorea mkaa. Mchoro wake ulikuwa mpana mno: kundi la ng'ombe linatembea, na nyuma kabisa, peke yake, mzee anamswaga ndama anayechechemea. Haukuenea kwenye ukurasa. Nikaukata ule upande wa nyuma. Nikajiambia, picha ni ya ng'ombe, na ng'ombe wamebaki.

Kazi nikaipeleka kwa Mzee Kombo, mchapaji wa pale Kibaha. Mzee yule alikuwa na desturi ya kulinganisha kila ukurasa na mchoro wenyewe kabla ya kuwasha mtambo. Alipofika kwa Loishiye, akavua miwani.

"Umemuuliza mwenyewe?"

Nikamjibu kuwa mpangaji ni mimi, na isitoshe Loishiye hupata mtandao kwa kubahatisha. Hakupandisha sauti.

"Binti yangu, kazi ya shirika haina mwenye nyumba na mpangaji. Nenda ukamuulize. Mtambo utakungoja."

Niliondoka nimenuna. Nikapanda gari hadi Kisarawe, kisha bodaboda mpaka Marui, njia nzima nikitunga maneno ya kujitetea. Nilimkuta Loishiye akinywesha mifugo. Alikuwa kijana wa rika langu, mpole, akanipa maziwa kwanza ndipo akauliza nililolijia. Nikampa ule ukurasa. Akautazama kwa muda, akapitisha kidole pale ulipoishia.

"Dada, uliyemkata hapa ni baba," alisema. "Ndiye aliyekuwa akibaki nyuma na ng'ombe wanyonge. Tulimzika mwaka jana. Hao wengine wote nimewachora ili nimfikie yeye."

Mwanangu, maneno yote niliyoyatunga njiani yaliyeyuka. Nikaomba radhi, nikakiri na lile la kurasa za katikati, ambalo hata hakulijua. Akacheka kidogo, akasema angependa kuwaona hao wauza matunda.

Niliporudi niliwahamishia wauza matunda wangu kwenye ukurasa mmoja, na wala hawakubanana. Ng'ombe wa Loishiye wakapata kurasa mbili za kutembea, baba yake nyuma yao. Nikawaandikia wenzangu ukweli wote. Wawili walinisema, na nilistahili. Kila mmoja nikamtumia ukurasa wake auone kwanza. Kitabu kilichelewa, ndiyo. Lakini kilipotoka, Loishiye alikuja Kibaha na mama yake. Mama yule alikifungua katikati, akakipakata hivyo hivyo mpaka wakati wa kuondoka. Furaha ya siku ile ninayo hadi leo.

Basi shika haya. Ukikabidhiwa kazi za wenzako, umekabidhiwa wenzako. Usikate usichokijua, kuuliza si ujinga, na mwendo wa kwenda kuuliza ni mfupi kuliko wa kwenda kuomba radhi. Na ukijikuta umejipendelea, jiseme kabla hujasemwa, maana kosa linalokiriwa mapema bado linarekebishika.

Mola aibariki mikono yenu, awape subira ya kusikilizana, na kila mmoja wenu atakapokifungua kitabu hicho ajikute humo akiwa mzima.